Glavu ya Njano

Pikipiki za spidwei, zile mbio za kuzunguka uwanja wa changarawe, hazina breki. Miska alipogongwa kwenye kona alibiringika kama gunia mpaka kwenye uzio, akalala.

Babu yake, Mzee Muhiddin, aliyetoka naye nyumbani kwao Edmonton, Uingereza, asubuhi, hakushtuka. Sheria alimfundisha mwenyewe: ukigongwa, usiinuke. Ukiinuka, mbio zinaendelea na pointi zimekwenda. Ukilala, refa anawasha taa nyekundu, aliyekugonga anatolewa, mbio zinarudiwa. Na leo timu yao ikikosa pointi hizi, msimu umekwisha.

"Baba, mbona mwanangu hainuki?" Mama yake Miska alikuwa amemng'ang'ania mkono.

"Tulia. Anaujua mchezo huyo. Mtazame mkono wa kulia, atanichezea kidole gumba. Ndiyo ishara yetu kwamba hakuumia."

Wakaikodolea macho ile glavu ya njano juu ya changarawe nyekundu.

Taa ikawaka. Jukwaa zima likalipuka kwa shangwe. Mwingereza mmoja aliyesimama nyuma yao akampiga Mzee begani, akamwambia kwa kicheko, "Mjukuu wako fundi wa kulala, mzee."

Mzee hakugeuka. Mbio zimeshasimama, aliyemgonga keshatolewa, hakuna tena sababu ya kulala. Glavu ilikuwa pale pale, vidole vimekunjuka, vimetulia.

"Baba, kakuchezea kidole?"

Mzee alimkabidhi chupa ya chai, akashika uzio kwa mikono miwili, akapandisha mguu.