Kilichobaki Kwenye Anwani

Katika mkahawa wake wa intaneti, Farzana alikagua kompyuta aliyomkodishia mama mmoja muda si mrefu uliopita. Fomu ya malalamiko aliyoijaza mama huyo mtandaoni ilitumwa kwa njia ya GET, si POST. POST ingeyaficha maneno ya mteja. GET iliyaanika yote juu ya kioo, kwenye anwani ya ukurasa: jina la mama yule, la mumewe, na "ananipiga kila siku".

"Mke wangu katoka kijijini Kwedizinga kuja kuandika nini hapa?" Mwanamume aliingia bila salamu, akavuta kiti cha kompyuta ile ile.

Kuufunga ukurasa kusingesaidia, kompyuta ingeukumbuka na mwanamume angeufungua tena. Farzana alipapasa kwa vidole vya mguu chini ya meza, akaubana waya wa umeme wa kompyuta, akauchomoa. Kioo kikawa cheusi.

"Samahani kaka, umeme umekatika."

Mwanamume aliinua macho darini. Feni ilikuwa bado inazunguka.