Gari Lililopona

Wanaume sita walikuwa wanasukuma gari la polisi kwenye barabara ya Musoma, na hapa Igoma hakuna aliyewatazama mara mbili.

Gari lile lilikuwa halijawaka kwa ufunguo tangu mvua za mwaka jana. Likigoma njiani, mahabusu waliomo hufunguliwa pingu, wakashuka na kusukuma, kwa kuwa serikali haiwezi kujisukuma yenyewe. Trafiki wa njia panda alisimamisha malori ili lipite. Muuza machungwa mmoja aliwapigia makofi.

Likasukumwa hadi ndani ya gereji ya Mihayo, mwenye mkataba wa kutengeneza magari ya kituo kile. Mihayo alikuwa fundi hodari aliyejizuia. Aliamini kwamba gari lililopona halirudi, kwa hiyo kila gari alilitibu kiasi cha kufika kona tu. Imani hiyo ilikuwa imemsomeshea watoto, na kuwapa mahabusu wa Mwanza misuli ya miguu.

Ila asubuhi ile Inspekta Modesta, mkuu wa magari ya kituo, alikuwa amempigia simu. Hakusalimia.

"Mihayo, gari langu likitoka kwako halafu likasukumwa tena, hata hatua moja, mkataba naupeleka Buswelu."

"Mama, unajua vipuri hivi..."

"Hata hatua moja," alisema Modesta, akakata.

Mihayo aliogopa kwelikweli. Buswelu kulikuwa na gereji mpya yenye sakafu ya vigae, na fundi wake alivaa ovaroli safi mpaka jioni. Kama mkataba ungekwenda kule, ungekwenda moja kwa moja.

Sasa gari lenyewe ndilo hili. Mwanaume wa saba, aliyekuwa akitembea kando huku ameshika usukani kupitia dirishani, alivaa koti la mvua la polisi, ingawa jua lilikuwa linachoma hasa. Mkono wake wa pili ulikuwa ndani ya koti, kiunoni, na hakuutoa. Mihayo alijua kinachokaa kiunoni mwa polisi, akaongeza heshima.

"Karibu sana, afande. Koplo Kashindye hayupo leo?"

"Tumemwacha kwa mama ntilie hapo nyuma, anakula sato. Katuambia tutangulie."

Mihayo akacheka. Kashindye, msindikizaji wa mahabusu wa gari lile, alikuwa mtu wa kuchelewa harusi yake mwenyewe kwa ajili ya kichwa cha sato. Sura ya huyu afande ilikuwa ngeni, lakini polisi huhamishwa kila kukicha, na Mihayo alishaacha kukariri sura zao.

Wale sita walikaa kivulini wakihema, kila mmoja ameshikilia suruali yake isidondoke, maana mahabusu hunyang'anywa mikanda. Walipopewa maji walishukuru mmoja mmoja. Mihayo hakuwahi kuona mahabusu wenye adabu namna ile.

"Fundi," afande alisema, "tunataka liwake. Liwake kweli."

"Leo litawaka, afande. Nakuapia."

Akaingia stoo, akatoa stata mpya aliyoificha nyuma ya matairi tangu mkataba uanze. Aliifunga kwa uchungu, kama anayemwozesha binti yake wa pekee. Akabadilisha betri. Akasafisha pampu ya dizeli. Kila nati aliyoikaza aliisikia moyoni, maana hakuna nati hata moja kati ya hizo ambayo ingemrudishia gari lile.

"Na king'ora?" afande aliuliza.

"Hicho kilikufa zamani. Kashindye huwa anapiga kelele dirishani."

"Kifufue. Kwa safari ya leo tutakihitaji."

Mihayo akakifufua. Afande akapanda, akageuza ufunguo kwa ule mkono wake mmoja, na injini ikaitika papo hapo. Mahabusu walishangilia. Mmoja alifuta machozi. Kisha wote wakarukia nyuma wenyewe bila kuamriwa, na afande akainama dirishani.

"Fundi, Mungu akuzidishie. Hujui ulichotufanyia."

Gari likatoka getini lenyewe. Badala ya kwenda mjini likakata kuelekea Buswelu, lakini Mihayo hakujali, alikuwa tayari ameshika simu.

"Mama, limewaka kwa ufunguo. Halijasukumwa hata hatua moja."

"Nitaamini likifika kituoni," Modesta alisema. Lakini sauti ilikuwa imelainika, na Mihayo akaona mkataba umerudi nyumbani.

Alikuwa bado anatabasamu bodaboda ilipoingia. Nyuma alikaa Koplo Kashindye, amepakata mfuko uliojaa mikanda ya suruali.

"Mihayo, wamepita hapa?"

"Kina nani?"

"Mahabusu wangu. Niliwaambia wasukume mdogo mdogo wakati nakula, usingizi ukanipitia. Wote saba wameondoka na gari. Na koti langu la mvua."

Mihayo alikaa taratibu juu ya tairi.

"Tulia, ngosha," Kashindye alisema, akichokonoa mwiba wa sato kwenye meno. "Nani asiyeijua kazi yako? Tutawakuta pale kona, wanasukuma."

Kutoka upande wa Buswelu king'ora kikalia, kikali, bila kukatika, kikazidi kwenda mbali. Kashindye akageuza shingo, akasikiliza kwa wivu.

"Hao nao ni wa kituo gani, wenye king'ora kizima namna hiyo?"