Ukurasa Alipo Clarrie

"Macho yangu hayaoni herufi tena, binti yangu. Nisomee pale nilipo," alisema mzee Clarrie mbele ya baa nzima.

Mwandishi alishika riwaya yake mpya ya upelelezi, aliyokuja kuwasomea. Majira mawili ya baridi alikaa jikoni kwa mzee huyu, akila mchuzi wake wa kondoo na kusikiliza vituko vyake vya kunyoa kondoo huko Bourke, Australia. Kisha akamchukua mzima mzima, pamoja na mkono wake usio na gumba, akamfanya muuaji wa riwaya hiyo.

Waliokwisha kuisoma waliinamia bilauri zao.

"Kaa chini, Clarrie, bia yako inapata joto!" mmoja alijaribu.

"Nyamaza wewe! Mimi ndiye mpelelezi humu kitabuni, au siyo?" Akawapungia ule mkono, kovu lake laini na jekundu kama ufizi wa mtoto mchanga.

Mwandishi akafungua ukurasa, akayatazama maneno yake, akasoma mengine. "Mpelelezi hakuwa na gumba, lakini hakuna mhalifu aliyemponyoka..."

Clarrie akacheka kwa raha. Kando yake, mkewe alikuwa akifuatilia kwa kidole katika nakala waliyoinunua mlangoni. Kidole kikasimama kwenye neno "muuaji".