Doha ya Baba

Mzee Dominiko alishusha kioo cha gari, akatema mate barabarani.

"Baba!" Milka alimaka. "Hapa ukionekana unapigwa faini!"

"Wanipige. Mji wenyewe unatapisha."

Kiti cha nyuma, mke wa mzee, Mama Jerusha, aligeuza uso upande wa bahari. Tangu watue Doha juzi, alikuwa ametoa maneno ya kuhesabika.

Milka alikaza mikono kwenye usukani. Alikuwa muuguzi, mwaka wake wa pili Qatar, na likizo yake yote ya 2016 alikuwa ameitoa kwa ajili ya ziara hii. Ukweli ni kwamba aliyemngoja kwa hamu zaidi ni baba. Baba alikuwa ameishi humu humu, askari wa kampuni ya ulinzi, tangu mwaka wa 2000 hadi 2006. Milka alikuwa na miaka tisa baba alipokwenda, na kumi na mitano aliporudi, amekonda kama ufito, mkoba mmoja mkononi. Kampuni imewadhulumu, alisema, na hapo hadithi ikaishia. Lakini utoto wake wote Milka alitembea kifua mbele: baba yake yuko Doha. Hata kazi ya Qatar aliiomba kwa sababu hiyo. Sasa alitaka jambo moja tu: baba amwonyeshe pale alipokuwa akisimama lindo, wapige picha.

"Palibomolewa," baba alisema.

Walipopita mtaa wa Abu Hamour, alisema nyumba waliyolala askari nayo ilikuwa imebomolewa. Kibanda cha Mhindi aliyewauzia chai, kimebomolewa. Milka hakushangaa. Kwa miaka yake miwili tu alikuwa ameona mitaa mizima ikifagiwa na minara ikiota mahali pake.

Kilichomchoma ni ile dharau. Kila alichoonyeshwa, mzee alikikunjia pua. Katika jengo la maduka lenye mfereji wa maji ndani, alisimama akacheka kwa kebehi. "Watu wazima wanapanda mashua dukani! Kinyaa gani hiki?" Wanawake wawili walipopita wakinukia udi, aliziba pua waziwazi, na Milka akatamani ardhi immeze.

Mlangoni alikuwepo bawabu Mkenya, mtu wa makamo, kibao cha kifuani kimeandikwa Augustine. Aliposikia Kiswahili uso ulimchangamka.

"Shikamoo mzee! Karibuni Doha."

"Baba si mgeni," Milka alisema haraka, kwa fahari. "Alikuwa askari hapa hadi 2006."

"Wacha! Mimi nimeingia 2004. Tulikuwa wachache sana, tulijuana wote. Ulikuwa kampuni gani, mzee?"

"Ilikufa," alijibu Mzee Dominiko, akapita bila hata kumpa mkono. Augustine alibaki ameunyoosha wake hewani.

Garini Milka alifunga mlango kwa kishindo. Je, huyu ndiye mtu aliyemwota miaka yote ile? Mtu mchafu wa mdomo, asiye na haya, asiye na shukrani hata kwa mtoto aliyemlipia tikiti?

Walifika West Bay. Milka aliegesha gari mbele ya ile hoteli kongwe ya umbo la piramidi, iliyokuwa peke yake ufukweni kabla ya minara yote kuja. Hii, alijiambia, baba ataikumbuka tu.

Mzee aliitazama, akasonya. "Na takataka hii wameijenga lini? Wakati wetu hapa palikuwa mchanga mtupu."

"Baba, hoteli hii ipo tangu sijazaliwa."

Mzee alitazama hoteli, akamtazama mkewe, kisha akatazama viatu vyake. "Basi wameipaka rangi," alisema.

Wodini kwake Milka alikuwa amewaona wazee wa namna hiyo: hasira za bure, matusi, na jana yao yote imepotea. Chuki aliyoibeba tangu asubuhi ikachanganyika na hofu.

Mchana waliingia mkahawa mmoja kula wali na mbuzi. Mzee alikula mbio mbio kama alivyokula siku zote tangu arudi, mkono wa kushoto umezunguka sahani kana kwamba kuna atakayeipokonya, mafuta yakimtiririka kidevuni. Milka alishindwa kumtazama. Mzee alipoinuka kwenda kunawa, Milka alimwinamia mama yake.

"Mama, ameanza lini kusahau?"

"Kusahau nini?"

"Usinifiche. Hakumbuki chochote. Na huu ukali wake, ni dalili tupu. Nimeshamwandikia daktari wa kichwa pale hospitalini kwetu. Jumatatu wanampima. Wewe utarudi nyumbani, yeye abaki hapa aanze dawa."

Mama Jerusha aliweka kijiko mezani. "Abaki hapa? Tena?"

"Ni lazima. Miaka sita nzima imefutika, Mama! Ukimwacha hivi itafutika yote, hata majina yetu."

Mama aligeuka kumtazama mumewe. Alikuwa bado kwenye sinki, amewapa mgongo, maji yakimwagika naye hanawi. Kisha Mama aliushika mkono wa binti yake, akaubana hadi ukauma.

"Kichwa chake ni kizima, mwanangu, usimpe dawa. Juzi ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Miaka ile sita alikuwa gerezani Naivasha, na hilo neno Doha nililiokota mimi redioni, asubuhi uliponiuliza baba yuko wapi."