Jina Kwenye Koti

Siku Shomari aliporudi kambini kutoka mikononi mwa adui, kamanda alimpa barua ya mkewe, Mwanahawa. Lakini aliyeandikiwa si yeye.

“Afande, asante kwa kumsitiri mume wangu. Leo nimetoka eda.”

“Uso ulikuwa umeungua,” kamanda alisema, ameinamisha kichwa. “Tulisoma jina kwenye koti.”

Jina hilo Mwanahawa alilitarizi mwenyewe, kwa uzi mwekundu. Shomari alikuwa amemvisha rafiki yake Makame lile koti, homa ilipokuwa ikimtetemesha.

Akaenda kwenye kaburi lenye jina lake. Nyasi zilikuwa zimeshaota. Akapiga magoti, akawa anazing'oa moja moja.

“Makame,” akanong'ona, “mkeo bado anakutengea chakula.”