Matete ya Upande wa Mlangoni

Chini ya hadubini nyuzi za kuvu zilionekana wazi, zimeshika buluu ya wino aliozitia, zimejisokota ndani ya mzizi wa tete. Mtunza miche aliinua kichwa. Ile ilikuwa kuvu yake. Na mzizi ulitoka kwenye ndoo ya mwenzake wa kitalu.

Kuvu hiyo aliitafuta mwenyewe kwenye kinamasi cha zamani, matope hadi mapajani, watu wakimcheka kwamba hakuna kuvu inayoishi kwenye mizizi iliyolala majini. Akaipandikiza kwenye ndoo zake, ili iyakuze matete. Punde akafiwa na mama, akaenda msibani. Aliporudi, ndoo zake za dirishani zilikuwa na matete manyonge, ya kutia huruma. Ndoo za mlangoni, za yule binti aliyeajiriwa juzi, zilikuwa zimefunga kijani.

Kesho bosi anayestaafu angekuja kukagua. Mwenye matete bora angekabidhiwa kitalu.

“Naona yamekukubali,” alimwambia binti, mdomo ukicheka, moyo ukichemka.

“Ni mikono yetu sote, dada. Na wewe unavyojitahidi, nakuona kila asubuhi.”

Ati anamwona! Mwizi wa kuvu, na ulimi wa asali juu yake. Kwa bosi angesema nini? Nani angemwamini, wakati walimcheka tangu mwanzo?

Saa ya chakula, kitalu kikiwa kitupu, alichemsha birika. Akamimina ndoo baada ya ndoo, upande wote wa mlangoni, taratibu, kama anayemnawisha mgeni mikono. Matope yakafuka mvuke. Kama hakupata yeye, basi wakose wote. Alirudi nyumbani mwepesi, akalala fofofo.

Asubuhi matete ya mlangoni yalikuwa yamelala chali. Binti alipiga magoti katikati ya ndoo, akilia kwa kwikwi. Bosi alisimama pembeni, kofia mkononi.

“Pole, mdogo wangu,” alisema mtunza miche, akamshika bega. “Ndiyo kazi yetu hii. Utapanda mengine.”

Binti alimtazama kwa macho mekundu.

“Mimi? Yangu ni yale ya dirishani, dada, hayajaguswa. Ulipokuwa msibani mwezi uliisha, nikazihamisha ndoo, zako mlangoni na zangu dirishani, kila upande upate zamu yake ya jua. Uliporudi nikakuona unayamwagilia yangu kila siku, kimya kimya, na msiba wote ule. Nikasema, kumbe kuna watu wana roho nzuri hivi. Nikaapa na yako hayatakufa mikononi mwangu.”