Msikilizaji wa Fremu

Kila asubuhi fremu ya kaboni ya baiskeli ya mashindano ilitoa taarifa ya hali yake, na kisheria ilimwambia mwanafamilia mmoja tu wa mwendeshaji, kamwe si mwendeshaji mwenyewe, maana waendeshaji walizoea kuficha nyufa ili washindane. Msikilizaji wa baiskeli ya Atupele alikuwa mumewe, Ambakisye.

Jumanne, Ambakisye akiwa bafuni, Atupele alichukua simu ya mumewe aangalie saa. Akakuta ujumbe wa fremu: "Ufa shingoni, siku ya kumi na saba. Isiendeshwe."

Siku zote hizo alikuwa akishuka mteremko wa Uyole kwa kasi, mgongo umelala, kidevu karibu kugusa usukani.

"Ulijua?" alimwuliza mumewe alipotoka.

"Ungejua, ungeogopa kuinama," alisema Ambakisye. "Ukikaa wima, upepo unakumaliza. Nilitaka ushinde, mke wangu."

"Na kila asubuhi ulinifunga kofia kwa mikono yako."



Mchana Atupele alikwenda ofisi ya usajili kumfuta mumewe kama msikilizaji. Karani akamwuliza jina la msikilizaji mpya. Akamfikiria mama yake, aliyezitundika medali zake zote sebuleni, kisha dada yake, aliyezipenda zaidi. Akaomba muda.

"Sawa, dada," karani alisema. "Ila mpaka ulete jina, fremu itaendelea kumwambia mumeo."